Miezi Saba na Gari Lisilosukumwa

"Haya, sukumeni!"

Kabla sijafungua mdomo, vijana wanne wa kijiwe cha bodaboda walikuwa wameshaegemea buti la gari, mmoja kavua kandambili kabisa ili miguu ishike lami. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Ngamiani hapa Tanga, Barabara ya 12, nimetoka kununua kitambaa cha sare za watoto. Gari kimya. Dashibodi nyeusi tii. Mwanangu mkubwa kasimama kando anaviangalia viatu vyake.

"Jamani, hili halisukumwi," nikasema.

"Mwalimu nawe! Gari gani lisilosukumwa? Weka gia ya pili, sisi tukupe mbio, wewe uachie klachi."

Halina gia ya pili. Halina klachi. Hata stata halina. Nilipojaribu kuwaeleza, niliona huruma yao inageuka shaka, kana kwamba kuna kitu nawaficha. Mzee aliyekuwa barazani na kikombe chake cha kahawa akaufunga mjadala: "Mwanangu, gari lisilosukumwa hilo si gari, ni friji."

Wakati ule nilikuwa na miezi mitatu na ile Toyota Prius. Sasa imetimia saba, na hakuna wiki inayopita bila mtu kunishika mkono, shuleni au msibani, aniulize: "Eti lile gari lako la umeme, linafaa?" Jibu langu limekuwa refu kuliko subira ya muulizaji, basi nimeona niliandike.

Si gari la umeme. Halichomekwi ukutani, wala sijawahi kulinunulia umeme wa luku. Ni haibridi, gari mseto: injini ya petroli ya cc 1,800, mota za umeme, na betri kubwa iliyolala nyuma ya kiti cha abiria wa nyuma, yenye volti 201. Ukiondoa mguu kwenye mafuta au ukikanyaga breki, mota inageuka dainamo, ule mwendo uliokuwa unapotea bure kwenye pedi unarudi betrini. Ukiondoka taratibu, gari linasogea kwa umeme huo na injini imezima. Prius ya kwanza iliuzwa Japani mwaka 1997, kwa hiyo jambo lenyewe si la juzi. Sisi ndio tumelipata kwa mtumba. Langu ni la 2012, na dashibodi ilisoma kilomita 98,000 siku lilipoingia kwetu Mikanjuni.

Aliyenitia hamu ni shemeji yangu anayeishi Mbagala, Dar es Salaam. Yeye kila asubuhi anakaa kwenye foleni saa nzima na nusu, na haibridi foleni ndiyo raha yake: magari mengine yanaunguruma yakichoma mafuta pale pale, lako limezima, linasogea kwa umeme, linazima tena. Akanionyesha hesabu zake, nikasahau kumuuliza swali moja tu: Tanga kuna foleni gani? Labda pale Kange mabasi yakiingia pamoja, au siku ya mechi Mkwakwani. Siku nyingine zote, foleni yetu ni baiskeli tatu na mkokoteni wa maji.

Nina daftari. Mume wangu ananicheka kwalo, lakini mimi ni mwalimu wa hesabu na sikubali namba nisiyoitafuta mwenyewe. Najaza fulu tenki, nasoma kilomita, nikijaza tena nagawanya. Mwezi wa kwanza lilitoka kilomita 15.9 kwa lita. Dashibodi ilikuwa inanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, inasema 17. Noah yetu ya zamani ilikuwa inakwenda 9, kwa hiyo si haba. Ila shemeji alikuwa ananiambia 21, na mimi nikaona nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa. Gari hili likiamka baridi, injini inawaka hata betri ikiwa imejaa, maana linataka kwanza kupasha moto injini na mtambo wa kusafisha moshi. Dakika za mwanzo zinaliwa na petroli, upende usipende. Sasa tazama siku yangu ilivyokuwa: asubuhi kuwapeleka watoto, kilomita 3, nazima. Saa nne naruka kwenda benki, nazima. Saa nane narudi nyumbani. Jioni mtu kasahau maziwa, natoka tena. Kila safari gari linapashwa moto, na likishapata joto la kutosha kuanza kuninufaisha, mimi nimeshafika. Ni kama kuwasha jiko la mkaa kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai, ukalizima, kisha ukaliwasha upya kwa kikombe cha pili.

Nilichofanya ni kuziunga safari. Watoto, kisha sokoni Mgandini, kisha benki, kisha kazini, mkondo mmoja gari likiwa na moto wake. Na maziwa yaliyosahauliwa yanafuatwa kwa miguu, na aliyeyasahau. Mwezi wa nne daftari likasema 19.4. Safari ya Dar, kilomita 350 na zaidi kwenda peke yake, lilitoa 20.8 nikiwa sizidi 90, na kwenda mbio hakulisaidii: Chalinze kurudi nilikimbia kuwahi maghrib, likashuka hadi 18. Kwa kilomita 600 za mwezi, ukilinganisha na Noah, naokoa kama lita 35. Bei hutangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, kwa hiyo piga mwenyewe.

Turudi Ngamiani, vijana bado wameegemea.

Mwanangu alikuwa amebaki garini anasikiliza redio. Alibonyeza kitufe cha kuwashia bila kukanyaga breki. Ukifanya hivyo taa zinawaka, redio inaimba, lakini gari halijawaka. Neno READY, yaani "tayari", halijatokea kwenye dashibodi. Na neno hilo lisipotokea, betri kubwa ya volti 201 haipo, imejifungia na swichi zake. Kila kitu kinanyonya betri ndogo ya volti 12, kibetri kidogo kuliko cha gari la kawaida. Ndicho kinachoamsha kompyuta, na kompyuta ndiyo inayofungua mlango wa betri kubwa. Kibetri kikifa, ile kubwa inakaa na nguvu zake zote kama tajiri aliyejifungia chooni.

Kichekesho chenyewe ni kwamba kile kibetri kiko nyuma, pembeni mwa buti, na buti linafunguliwa kwa swichi ya umeme. Umeme uko ndani ya buti, na buti haliwezi kufunguka bila umeme.

Nilimpigia simu fundi. Alicheka kwanza, nikamwacha amalize. "Dada, usihangaike na buti. Fungua boneti. Kwenye kasha la fyuzi inua mfuniko, utaona kifuniko chekundu. Hapo ndipo waya mwekundu. Mweusi ubane kwenye chuma kitupu, mbali kidogo. Mtafute mtu yeyote mwenye betri." Mtu yeyote alikuwa dereva wa bajaji. Tukaunganisha, nikakanyaga breki, nikabonyeza. READY. Kimya kile kile. Vijana wakangoja muungurumo, hawakuusikia, na mmoja akasema bado. Nilipolisogeza mbele mita mbili bila sauti, yule mzee wa kahawa alisimama. Ndiyo hivyo, gari la Kijapani liliamshwa na bajaji, na mpaka leo nikipita pale wananiuliza hali ya friji.

Kibetri kipya nilinunua wiki ile ile, na hapo pia nilikaribia kukosea. Muuzaji alitaka kunipa cha kawaida, bei nusu. Lakini kinakaa ndani ya gari mnamokaa watu, kwa hiyo kinatakiwa kiwe cha aina iliyofungwa, chenye kimrija cha kutolea gesi nje. Kulipa zaidi kuliniuma. Nililipa.

Ule ukimya wake una visa vyake. Siku moja nilishuka pale karibu na Bombo kumwona mgonjwa, nikafunga mlango. Gari likalia pii, pii, nikadhani linaniaga. Nilirudi baada ya saa nzima nikamkuta mlinzi kasimama mbali, rungu mkononi. "Mwalimu, gari lako linajiwasha peke yake. Limewaka, likazima, likawaka tena. Hamna mtu ndani!" Nilikuwa nimeliacha kwenye READY. Betri ikipungua, injini inaamka kuichaji, ikijaa inalala. Nilimweleza, akaitikia kwa adabu, "Sawa mwalimu," lakini kwa macho yake nilijua ameshaamua kwamba jini langu ni la kununua. Tanga hii, nenda kabishane.

Na vichochoroni Ngamiani au Makorora ukimya huo si jambo la kuchekea. Kuna kasauti kembamba gari linakatoa likienda pole, lakini kelele za mtaa zinakameza. Bibi na kikapu chake anatembea katikati ya njia, wewe uko nyuma yake hatua tatu naye hana habari. Kumpigia honi ni kumuua kwa mshtuko. Mimi nashusha kioo nasema, "Shikamoo bibi, naomba njia." Nimeamkia wazee wengi mwaka huu kuliko miaka yangu yote ya kuendesha.

Sasa kisa cha sufi, ambacho ndicho kingenitia hasara ya kweli.

Mama mkwe yuko Muheza. Humtembelei ukarudi mikono mitupu: machungwa, majimbi, nazi, na mara hii mito minne ya sufi aliyoishona mwenyewe, mizito, imejaa mpaka mishono inapumua. Tuliipanga kiti cha nyuma, watoto wakailalia. Nilikuwa pia nimevivisha viti vitambaa vipya, vya maua, vinavyoning'inia mpaka chini. Gari lilipendeza.

Wiki mbili tatu baadaye nikaanza kusikia upepo. Nyuma, upande wa kulia, sauti kama ya kikaushia nywele saluni. Inakuja mchana jua likiwa kali, jioni haipo. Mume wangu akasema ni kioo hakijafunga vizuri. Jumapili moja tunarudi kutoka Muheza, tumeshapita Pongwe, ikawaka pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao, gari likawa zito ghafla, kama limebeba gunia la mchanga.

Gereji ya kwanza walichomeka mashine yao, wakasoma, wakatikisa kichwa. "Betri kubwa imekufa, mama. Milioni mbili na nusu, tunaiagiza." Hawakufungua hata skrubu moja. Nilitoka pale magoti yanatetemeka, nikiwaza nitamwambiaje shemeji.

Yule fundi wangu wa simu yuko Chumbageni, kijana mwembamba, mtaratibu, vidole virefu. Hakuuliza mashine imesema nini. Alifungua mlango wa nyuma, akaviinua vitambaa vyangu vya maua, akaonyesha kwa bisibisi. Ubavuni mwa kiti, upande wa kulia, kuna tundu lenye vijiti kama vya dirisha la jikoni. Nilikuwa naliona kila siku nikidhani ni spika.

"Dada, hapa ndipo betri inapovutia pumzi."

Akang'oa plastiki za pembeni, akaifikia feni. Kwenye mapanga yake palikuwa na kitu cha kijivu, kimesokotwa kikabanana kama paka aliyelowa. Akakivuta taratibu. Sufi. Sufi ya mama mkwe, na nyuzi za kitambaa cha maua, vumbi la barabara ya kwetu, ganda la karanga na kipande cha andazi kilichokuwa kigumu kama kokoto. Akavitandaza juu ya gazeti bila kusema neno, kama daktari anayewaonyesha ndugu mawe aliyoyatoa kwenye figo.

Betri ile inapoa kwa hewa, na hewa yenyewe ni hii hii ya ndani tunayovuta sisi. Tundu likizibwa, betri inachemka, kompyuta inaipunguzia kazi ili isiungue, na ndiyo ule uzito. Alisafisha, akafunga, akafuta zile alama za kosa. Nilinunua kidude kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachozungumza na simu. Kabla ya kusafisha, mashine ya fundi ilisoma nyuzijoto 51 kwenye betri. Mchana wa siku iliyofuata, saa ile ile, simu yangu ilisoma 40.

Tangu hapo vitambaa vya maua vimekatwa. Na mtazamo wangu juu ya kiyoyozi umegeuka kabisa. Nilikuwa mbahili, nafungua vioo ili nisile mafuta. Lakini gari lililoshinda juani Raskazone ni tanuri, na betri inavuta tanuri hilo. Sasa nikiingia nafungua milango yote dakika moja, kisha nawasha kiyoyozi, cha kwetu na cha betri. Kiyoyozi chenyewe kinaendeshwa na umeme ule mkubwa, si mkanda wa injini, kwa hiyo kina oili yake maalumu isiyopitisha umeme. Ukienda kujaza gesi, simama hapo hapo uhakikishe hawakutilii oili ya kawaida. Nilisimama. Kijana alikuwa ameshashika chupa isiyo yake.

Lushoto tulikwenda likizo ya mwezi wa sita. Kupanda kutoka Mombo lilipanda bila shida, ingawa pale kwenye kona za kuelekea Soni namba za mafuta zilishuka mpaka nikaziba dashibodi kwa leso. Kushuka ndiko kulikonifundisha. Ni kama mita elfu moja za mteremko, kona juu ya kona, bonde liko chini ya kioo chako. Dakika za mwanzo nilifurahi: breki zinachaji, vile vijisanduku vya betri kwenye dashibodi vinapanda, kimoja, kingine, vimejaa vyote. Baada ya Soni injini ikaanza kunguruma kwa sauti ya juu, mguu wangu hauko kwenye mafuta. Mtoto wa katikati akaanza kusoma dua kwa sauti.

Nilisimama penye nafasi, nikampigia fundi. (Sijui mke wake ananifikiriaje.) Akasema betri imejaa, haina pa kuweka umeme tena, kwa hiyo gari linaizungusha injini bila mafuta ili ilishike, lisikimbie. Ile herufi B kwenye gia ni ya kazi hiyo: weka B mapema, kabla betri haijajaa, mteremko ukiwa mrefu. Ukirudi tambarare itoe, maana inakula faida yako. Tulifika Mombo breki zikiwa hazinuki kabisa, na pembeni ya barabara lori lilikuwa limeegeshwa, magurudumu yanafuka moshi.

Breki hizo ndizo zinazodumu kuliko kitu chochote, pedi hazijaliwa hata nusu. Lakini hapa pwani hewa ina chumvi, na sahani isiyosuguliwa inashika kutu. Kwa hiyo mara moja moja, barabara ikiwa tupu kule Sahare, nafunga breki kwa nguvu mara mbili tatu kuzisugua. Watoto wameupa mchezo huo jina.

Kasoro nyingine nazitaja haraka. Liko chini, sentimita 14 tu kutoka ardhini. Matuta ya mtaani kwetu nayapita upande upande kama kaa, na masika, maji yakisimama Ngamiani, nazunguka. Betri ya volti 201 sitaki ionane na mtaro. Redio yake ni ya Kijapani, inaishia 90 kwenye FM, stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya hapo, mpaka ufungiwe kifaa cha kuhamisha masafa. Na kila nikiwasha, dada wa Kijapani ndani ya dashibodi anasema sentensi moja ndefu kwa upole. Nimekuja kujua anadai kadi ya kulipia barabara. Kitinda mimba wangu humjibu, "Marahaba."

Wiki iliyopita niliketi garini na kidude changu, nikatazama betri sehemu kwa sehemu, zimegawanyika 14. Kumi na tatu zinakwenda pamoja. Ya tisa, nikikanyaga mafuta kwa nguvu, inashuka kabla ya wenzake, kidogo tu. Nikampelekea fundi picha. Akajibu: "Bado dada. Labda mwakani, labda mwaka wa kesho kutwa. Anza kuweka." Nimenunua kibubu cha mbao, nimekiweka juu ya kabati, kila mwisho wa mwezi natia elfu hamsini kutoka kwenye zile lita 35.

Mama mkwe kapiga simu jana. Mito mingine miwili iko tayari. Nimemwambia aifunge kwenye mfuko wa nailoni, mara mbili, naye akauliza kama gari langu lina pumu.

"Ndiyo mama," nikamjibu, "lina pumu."